Mche Niliompa Jirani

Kaka yangu alinipigia simu mwaka wa 2017, siku yangu ya kupumzika, wala hakunisalimu. "Sister, hizi clones zinakufa zote. Kuja uone."

Sikujua clones ni nini. Nilidhani ni mambo ya kompyuta, kwa kuwa huko ndiko alikosomea kabla ya kuishia kuendesha lori la mizigo. Nilipofika kwake Cedar Hill, hapa Texas, alifungua mlango nusu, akachungulia barabara nyuma ya bega langu, kisha akanivuta ndani. Chumba kikubwa cha kulala, ambacho mtu mwingine angekiwekea kitanda na mke, alikuwa amekiziba madirisha kwa nailoni nyeusi. Ndani mliwaka taa za kuumiza macho, na chini ya taa ilisimama mimea ya bangi, mirefu, myembamba, kila mmoja ukishindana na mwenzake kwenda juu. Kwenye meza ya pembeni kulikuwa na sinia la vikombe vya plastiki, na ndani ya kila kikombe kijiti kilichonyauka. Hizo ndizo clones zake, vijitawi vilivyokatwa ili viote mizizi.

"Nime-watch video zote," alisema. "Zote, I swear."

Nilicheka. Hilo ndilo jambo la kwanza ninaloona aibu kulikumbuka. Mtu mwenye akili timamu angegeuka akaenda zake. Mimi niliinama nikachomoa kijiti kimoja, nikatazama pale kilipokatwa, nikamwambia kaka yangu mkubwa, mwenye digrii yake, kwamba amekata kama mtu anayepasua kuni.

Lazima nieleze nilikuwa nani wakati huo, ili upumbavu wangu uonekane kwa ukubwa wake. Nilikuwa mhudumu katika nyumba ya wazee kule Mesquite, nikiogesha na kulisha watu ambao wengine waliniita kwa jina la mhudumu aliyenitangulia. Nilikuwa na green card. Na nilikuwa na binti Kenya, niliyemwacha kwa watu wa baba yake akiwa na miaka kumi na tano kwa sababu walikataa katakata aondoke na mimi. Walipokubali hatimaye, karatasi zetu zilikuwa zimeshapitwa na wakati. Wakili alinieleza huku kidole chake kikitembea juu ya kalenda: nikiapishwa kuwa raia na kupeleka fomu ya binti kabla hajafikisha miaka ishirini na moja, atakuja kwa njia fupi. Akifikisha miaka hiyo kabla ya fomu, ataingia kwenye foleni ya watoto wazima, na katika foleni hiyo watu huota mvi. Mwisho wetu ulikuwa Januari ya 2019. Mimi ningeruhusiwa kuomba uraia mwanzoni mwa 2018. Muda ulibana lakini ulitosha, mradi nikae mbali na kitu chochote cha polisi.

Na siku ile nilikuwa nimeshika bangi kwa mikono miwili.

Mtu ataniuliza mbona nilirudi wiki iliyofuata, na nyingine. Jibu rahisi ni kwamba nilipofika Texas nililala sebuleni kwa kaka miezi minane. Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha gari kwenye uwanja wa kanisa, yeye ndiye aliyenipeleka kutafuta kazi, na hakukosa nafasi ya kunikumbusha. Hilo ni kweli, na nimelitumia mara nyingi kujitetea mbele ya nafsi yangu. Lakini kuna jibu jingine ambalo silipendi. Nilirudi kwa sababu nilikuwa hodari.

Mama yangu alikuwa na kitalu cha miche ya chai upande wa Kisii. Chai haipandwi mbegu siku hizi. Unachagua mmea mama mzuri, unakata kijitawi, jani moja na chipukizi lake, unakichomeka kwenye mrija wa nailoni uliojaa udongo mwekundu, unafunika, unanyunyiza maji, unasubiri miezi. Nilianza kukata nikiwa darasa la pili. Mama alinichapa vidole kila aliponifumania nikivuta mche kutazama kama umeota mizizi. Alisema mche unaovutwavutwa hukata tamaa. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, majirani walikuwa wakija kuniomba mimi nikawakatie, si yeye.

Kwa hiyo kosa la kaka nililiona kabla hajamaliza kulalamika. Alikuwa anakata matawi marefu yenye majani chungu nzima, anayatia kwenye maji, anayaweka karibu na taa kali, halafu anafunua kifuniko kila saa kuyaangalia. Kijitawi kisicho na mizizi hakina mdomo wa kunywea, nilimwambia, na wewe umekivika majani kumi na kukianika juani. Nilimtuma dukani akanunue wembe mpya. Nilikata kwa mshazari, chini kidogo ya kifundo, vifupi, nikayapunguza majani kwa nusu ili yasinywe zaidi ya uwezo wa kijiti. Nilivichovya kwenye ile dawa yake ya mizizi, nikavichomeka kwenye udongo wenye unyevunyevu tu, bila mbolea. Nilinyunyiza ukungu wa maji ndani ya kifuniko na kulisogeza sinia mbali na taa. Kisha nikamwapisha kwamba hatagusa.

"Hata ku-check?"

"Hata ku-check. Ukivuta nitajua."

Hazikupita wiki mbili. Mizizi ilitokeza chini ya vikombe, myeupe, minene, na kaka yangu alipiga magoti sakafuni kuitazama. Mimea hii ina haraka kuliko chai. Kwa mtu aliyezoea kusubiri miezi, ilikuwa kama kudanganywa. Nilirudi nyumbani Mesquite nikiimba ndani ya gari.

Baadaye niliishughulikia ile mimea mirefu. Kaka alikuwa amesikia kwamba ukikata ncha mmea hupanuka, basi alikuwa anakata ncha kila wasiwasi ulipompanda, na mimea ilikuwa imesimama imeduwaa, haijui imkimbilie nani. Nilimwambia akate mara moja, aache kidonda kipone. Kisha nikakunja viango vya nguo vya waya nikatengeneza vigingi, nikalaza matawi taratibu, moja huku, moja kule, nikayabana chini kwenye udongo. Ndivyo tunavyoilaza chai ikiwa changa. Usipoilaza inakuwa mti wa kwenda mbinguni na hakuna atakayeufikia. Ukiilaza, inajaza kando kando hadi juu panakuwa sawa, na mchumaji anapitisha mikono kama juu ya meza. Kwa bangi ilikuwa hivyo hivyo, ila badala ya mchumaji ilikuwa taa. Kila tawi lilipata haki yake ya mwanga. Baada ya mwezi chumba kile kilikuwa na meza ya kijani kutoka ukuta hadi ukuta.

Nilifurahi, na sitasema uongo juu ya hilo. Kazini kwangu hakuna nilichokigusa kikanawiri. Niliwasafisha wazee wakachafuka, niliwageuza wakapata vidonda upande wa pili. Kule Cedar Hill nilikunja tawi Jumanne, na Jumapili baada ya ibada nilikuta limeinua vichwa vitano. Kaka naye alianza kuita jambo lile "system yangu". Wanunuzi wake walipokuja kuchukua mzigo, alinituma jikoni nikawapikie chai, na kupitia ukutani nilimsikia akiwaeleza kuhusu viango vya nguo.

Sasa niingie kwa jirani yangu, maana bila yeye hii ingekuwa hadithi ya ujinga tu.

Aliishi mlango unaotazamana na wangu. Alikuwa Mrundi, aliyelelewa kambini Tanzania, Mkatoliki wa kutokosa misa, na alikuwa anasafisha vyumba vya hoteli. Tulijuana kwenye chumba cha kufulia, mashine yake ilipoitafuna shuka yangu. Alinicheka Kiswahili changu tangu siku ya kwanza. "Nyie Wakenya," aliniambia, "mkisalimia mtu anadhani kaibiwa." Aliotesha lengalenga, mchicha wa kwao, kwenye ndoo kibarazani na kunigongea mlango na furushi kila zilipokomaa. Mgongo wake ulikuwa umeharibika kwa kuinua magodoro. Siku nyingine alipanda ngazi kwa kutumia mikono.

Naye alikuwa na mtu wake wa kungoja. Mama yake alibaki kambini, na mzazi huletwa na raia tu. Kwa hiyo sote wawili tulikuwa na kile kitabu cha maswali mia moja ya uraia, na jioni nguo zikizunguka tulikuwa tunaulizana. Nani huandika sheria? Bendera ina mistari mingapi? Akikosea alijipiga kofi la paja akasema, "Mama utanisamehe, swali hili nitalirudia." Alikuwa anamwambia mama yake, si mimi.

Machi ya 2018 alininusa. Nilikuwa nimeinama kutoa nguo, akashika pindo la leso yangu na kulipeleka puani.

"Dada, leso yako inanuka nyuma ya jiko la bibi yangu."

Nilianza kukana, akacheka. Bibi yake alikuwa na mmea mmoja, alisema, wa masikio ya watoto na wa kuku wakiugua, na wazee waliuchemsha kwa viungo. Hakuna aliyeuogopa. Kisha akaacha kucheka na kushika kiuno chake. "Nipatie kamche kamoja tu, dada yangu. Vile vidonge vyao vinanilaza kazini."

Kaka alikuwa amenionya mara kumi: mtu yeyote asijue, hata mchungaji, hata Mungu kama inawezekana. Lakini nilikotoka mimi, mtu akikuomba mche humnyimi. Chai, viazi vitamu, mihogo, chochote kinachoota kwa kukatwa. Mama yangu alikuwa mkali wa vitu vyote, lakini jirani akija na jembe begani kuomba miche, alimkatia bila kuuliza, kwa sababu aliamini ukimnyima mmoja, yote iliyobaki kitaluni itanyauka. Nikamwuliza jirani yangu kama na kwao ni hivyo. Alinitazama kama nimeuliza kama kwao watu wanakula. Akaongeza kwamba hataniambia asante, ili mche ushike. Na kwetu pia mche hausemewi asante. Nilisikia raha ya ajabu kukutana na jambo hilo mbele ya mashine za kufulia za Texas.

Nilimkatia kutoka mmea bora kuliko yote, nikauotesha mwenyewe kwenye kikombe cha mtindi, nikaukata ncha na kuulaza tawi moja ili ajue namna. Ilikuwa kazi safi. Yeyote anayejua mimea angeona mara moja kwamba huo haukuota kwenye mbegu porini.

Aprili ndugu zake walimpatia kazi nafuu katika hoteli nyingine upande wa Houston, karibu na Sugar Land. Alihama Jumamosi, mchana mweupe. Nyuma ya gari alipakia godoro, masufuria na ndoo za miche: matembele, lengalenga, pilipili. Miche kwake ilikuwa ndiyo nyumba. Vyombo vingine alisema atanunua. Mche wangu aliuweka kiti cha mbele, akaufunga mkanda wa usalama, na kikombe kikakaa wima, majani yakiangalia nje kupitia kioo kama abiria.

Mimi nilikuwa nimesimama hapo. Niliyaona yale majani, ambayo kila mtoto wa shule Texas anayajua kwa sababu yamechorwa kwenye fulana na soksi. Nilikuwa mwombaji wa uraia, fomu yangu imeshapokelewa, alama za vidole zimeshachukuliwa. Na unajua nilimwambia nini? Nilimwambia asifungue dirisha, upepo utaunyausha.

Alisimamishwa katikati ya safari. Taa yake moja ya nyuma haikuwa inawaka. Askari alipoinama dirishani alimwuliza hiki ni nini, naye, kwa Kiingereza chake kidogo, akajibu kwa heshima kwamba ni mche, amepewa na rafiki, anaenda kuupanda. Hakuuficha wala hakutetemeka. Alimweleza hata kuhusu mgongo. Walimweka ndani siku tatu, na miche yake mingine yote ilikaukia ndani ya gari kwenye yadi ya polisi.

Mimi nilijua baadaye sana. Simu zake mbili za kwanza sikuzipokea kwa sababu namba ilikuwa ngeni. Ya tatu ilinipata mwezi wa sita, kwenye korido ya nyumba ya wazee, nikisukuma kigari cha chakula cha mchana. Barua ya usaili wangu wa uraia ilikuwa imefika wiki ile. Nilikuwa nimeibandika kwenye friji.

Alinisalimia vizuri. Aliuliza kazi, akauliza binti. Kisha akaniambia yote, kwa utulivu, kama mtu anayesimulia ugonjwa wa mwingine. Mahakama ilimpa wakili. Wakili alizungumza na upande wa mashtaka. Walikuwa wamegundua kwamba mche ule ulikatwa na mtu wa kazi hiyo, na wao hawakumtaka mwanamke mwenye mgongo mbovu, walimtaka mwenye shamba.

"Wanataka jina, dada. Wakilipata, kesi yangu wanaitupa. Wakilikosa nakubali kosa. Nimewaambia nimepewa na rafiki. Wananiambia rafiki ana jina. Sasa nakuuliza wewe. Nikutaje, ama nisikutaje?"

Hakunilaumu. Ningepata nafuu kama angenitukana, ningekuwa na kitu cha kujibu. Aliuliza tu, kama mtu anavyoomba ruhusa ya kupita shambani kwako.

Nilisimama pale na mkono juu ya kigari. Mzee mmoja alikuwa ananiita kwa jina lile lisilo langu. Ningeweza kusema, nitaje. Ningeweza kusema, mtaje kaka yangu, shamba ni lake, nami nitakuwa shahidi. Maneno hayo hayakunijia baadaye. Yalinijia palepale, na niliyaona vizuri. Badala yake nikasema, "Nisubirie kidogo. Niko na interview September. Nikisha-swear nitakuja mwenyewe niwaambie. Haki ya Mungu."

"Kesi ni Alhamisi."

Nilikisukuma kigari hadi mlango uliofuata.

"Yule mtoto," aliniuliza, "Januari atakuwa na miaka mingapi?"

"Ishirini na moja."

Nilimsikia akivuta pumzi. Najua alikuwa anafikiri kuhusu nini, kwa sababu nilikuwa nimemsikia akizungumza na mama yake kila jioni juu ya mashine ya kufulia.

"Basi," alisema. "Mtoto aje kwanza."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilimwambia, "Ubarikiwe sana." Halafu niliendelea kugawa chakula. Kilikuwa kuku na viazi vilivyopondwa, na hakuna sahani hata moja niliyokosea.

Alikubali kosa Alhamisi ile. Walimpa kifungo cha nje, na kila mwezi alikuwa akienda kukojoa kwenye kikombe mbele ya mtu, apimwe bangi. Hoteli mpya ilipopekua jina lake ilimpokonya sare mlangoni. Akapata kazi ya kusafisha ofisi, ambako mgongo hauulizwi na jina halipekuliwi. Wakili alimshauri asithubutu kuomba uraia kwa miaka mingi, na hata baada ya hapo asiende peke yake. Haya aliniambia mwenyewe kwa ujumbe mfupi wa sauti, bila machozi, na mwisho akaniuliza kama nimejifunza lile swali la mistari ya bendera.

Kaka nilipomweleza alizima taa zote siku hiyohiyo. Aling'oa kila kitu, akakatakata, akatia kwenye mifuko, akapaka ukuta rangi. Alinigombeza mchana kutwa, na nilidhani ni kwa ajili ya yule mwanamke. "Ulikata kutoka mother plant yangu," alikuwa anasema, "ukampa mtu bure?" Siku hizi sheria imelegezwa kwa ile bangi isiyolewesha, naye ana duka, ana leseni ukutani, anauza mafuta kwenye vichupa vidogo kwa kina mama wenye viungo vibovu. Kwenye mikutano ya Wakenya anapenda kusema kwamba alianza kabla ya wengine. Wanampigia makofi. Mimi hukaa nyuma nimekunja mikono.

Septemba nilivaa suti ya bluu nikaenda kwenye usaili. Afisa alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye mafua. Aliniambia niinue mkono wa kulia, nikauinua. Bendera nilijibu, sheria nilijibu. Kisha akaingia kwenye yale maswali ya tabia, akiyasoma haraka kwa kuwa ameyasoma maelfu ya mara. Umewahi kutenda kosa ambalo hukukamatwa kwalo? Umewahi kusaidia kuotesha au kuuza dawa za kulevya? Nilisema hapana. Nilisema hapana ya pili kabla hajamaliza kuuliza. Alipenga kamasi, akagonga mhuri, akanipongeza.

Niliapishwa Novemba, katika ukumbi uliojaa familia na vibendera. Fomu ya binti niliipeleka Desemba. Yeye alifikisha miaka ishirini na moja mwezi uliofuata, akiwa upande salama wa kalenda.

Na ile ahadi? Nilikuwa nimesema nikishaapishwa nitakwenda mwenyewe. Nilimwuliza wakili wangu kwa ujanja, eti nina rafiki. Akanijibu kwamba uraia uliopatikana kwa uongo hunyang'anywa, na aliyeletwa kwa uraia huo hurudishwa pamoja na aliyemleta. Basi nikapata sababu mpya: ngoja binti apate viza. Alipopata viza nikasema ngoja afike. Niliona kabisa nilichokuwa nikikifanya. Sikuwahi kuwa mjinga wa jambo hili, na ndiyo maana sina huruma na mimi mwenyewe.

Binti alifika Januari ya 2020, mrefu kuliko mimi, na sauti nisiyoijua. Jumamosi iliyofuata niliandaa maombi ya shukrani nyumbani kwangu, kama tunavyofanya. Tangazo lake lilizunguka kwenye simu, na yule aliyeliandika alitia maneno "karibuni wote". Chumba kilijaa wauguzi, wanafunzi, watu wa maghala. Kaka aliketi kwenye kiti cha mbele. Ibada ilikuwa imeanza mlango ulipogongwa, binti akaenda kufungua, na jirani yangu akaingia na sufuria kubwa ya ndizi na maharage iliyofungwa kwa kitenge. Alikuwa ameendesha gari kwa saa nne kutoka Houston. Alikuwa amekonda, na alitembea ameinamia upande mmoja.

Nilikuwa nimesimama kutoa ushuhuda. Ningeweza kukaa chini. Niliendelea. Nilieleza jinsi nilivyoomba, jinsi siku zilivyobana, jinsi milango ilivyofunguka bila mimi kumtegemea mwanadamu yeyote. Hayo ndiyo maneno niliyotumia, mwanadamu yeyote. Watu walipiga vigelegele. Amina yake niliisikia kutoka mlangoni, na ilikuwa ya kweli.

Mama mmoja wa kanisa akauliza mgeni wetu ni nani, atambulishwe. Wote waligeuka. Jirani yangu alinitazama mimi.

"Ni jirani wa zamani," nilisema, "kabla hajahamia Houston."

"Ndiyo," akasema. "Jirani."

Wakati wa chakula nilimkuta jikoni akipakua. Nilimwuliza habari za mama yake. Aliniambia yupo, miguu imevimba, hatembei tena, ila kila akipiga simu anamwuliza ni lini. Nilisema pole. Alinijibu asante, akanikabidhi sahani nipeleke mbele.

Hakukaa sana, njia ilikuwa ndefu. Mlangoni aliushika uso wa binti yangu kwa mikono miwili, akamtazama kwa muda mrefu, mpaka binti akaanza kuona haya.

"Tumekungoja sana, mwanangu," alimwambia.

Alipokwisha kuondoka binti alifunga mlango, akaniuliza, "Mum, kwani huyo ni nani? Why was she waiting for me?"

Nilimwambia ndivyo Warundi wanavyosalimia.